Njia ya Mwongo ni Fupi

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori. Ukuta wa gereji ndio mgongo wake na barabara ndiyo sinema yake. Anayekaa ncha ya kushoto haruhusiwi kuinuka bila kuaga, maana akiinuka kimyakimya wa kulia anakwenda chini na kikombe chake. Hapana mwenyekiti wala katibu, lakini hakuna jambo la ulimwengu huu lililopita hapo bila kutolewa uamuzi, na hakuna uamuzi hata mmoja uliowahi kumsaidia mtu. Tela aliyajua hayo kuliko wote, kwa sababu alikuwa na miaka tisa ya kunywa kahawa pale. Hata hivyo, siku aliyoitwa ofisini yeye na funguo zake, saa nane mchana miguu ilimpeleka palepale.

Tela ni dereva wa lori la masafa. Jina walimpa wao, kwa kuwa ni mrefu na kwa kuwa kila utani humfikia nyuma ya wenzake: wameshacheka na kunyamaza ndipo yeye anaanza. Siku hiyo alikaa bila salamu, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaikunja, akaikunjua tena. Muuza kahawa alimjazia kikombe, na kikombe kikapoa mkononi mwake.

— Lete hiyo karatasi tuisome sote, alisema Mjomba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

— Mjomba, hiyo maana yake ni kwamba mzigo wangu hamuuhisi.

— Ndiyo hivyo. Lete tuuhisi.

Mjomba ni mjomba wa mke wake Tela, ila kijiwe kizima kimemfanya mjomba wao. Methali anazo gunia zima, na akitia mkono hutoa yoyote inayotangulia. Kushoto kwake alikaa Fundi Kesho, mwenye gereji, mtu mwenye mkono mzuri sana wa kazi ambaye hajawahi kumaliza gari siku aliyoahidi. Kulia alikaa Ramani. Ramani aliwahi kuwa utingo kwa miezi minne, zamani, na tangu hapo hakuna barabara asiyoijua. Ndiye aliyenyakua karatasi na kuisoma kwa sauti ya mahakamani:

— “Safari ya kwenda na kurudi, kabla: kilomita elfu moja mia mbili themanini, dizeli lita mia tano kumi na mbili. Safari hiyohiyo, sasa: kilomita elfu moja mia moja tisini na sita, dizeli lita mia tano kumi na mbili. Fika saa kumi jioni ueleze. Lori liache lilipo, uje na funguo.”

Aliishusha karatasi. Midomo yake ilifanya hesabu.

— Themanini na nne hazipo. Arobaini na mbili kwenda, arobaini na mbili kurudi.

— Zimekwenda wapi? aliuliza Mjomba.

— Hilo ndilo naulizwa mimi, alisema Tela.

Akawaeleza maneno ya karani wa ofisi, yale ambayo hayakuandikwa. Ofisi inasema dereva amegundua njia ya panya. Anaikata safari, kisha dizeli ya zile kilomita asizozitembea, lita thelathini na nne, anainyonya na kuimwaga anakokujua. Na si mara moja, ni safari sita sasa, tangu miezi mitatu iliyopita.

— Njia ya mwongo ni fupi, alisema Mjomba.

Katika umri wake wote methali za Mjomba hazikuwahi kuangukia mahali pake, na hii ilitua kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo. Mwenyewe alishtuka. Tela aliwaza kwamba kama Mjomba, anayempenda, ameipata bila kuitafuta, bosi asiyempenda angeipata mara ngapi.

— Sikukusudia hivyo, mkwe. Imetoka tu.

— Najua.

— Njia ya panya ipo? aliuliza Ramani, na macho yake yalikuwa na tamaa ya kuijua.

— Haipo. Barabara ni moja. Kushoto mlima, kulia bonde, utakata wapi na tani thelathini mgongoni?

— Basi ni matairi, alisema Fundi Kesho.

Tela alikuwa akiliogopa neno hilo kuliko neno mwizi. Matairi yale aliyaomba mwenyewe. Kwa wiki nne alimfuata bosi mlangoni, koridoni, hata kwenye ngazi, akimwambia tuvue haya madogo, saizi ya kumi-ishirini, tulivishe lori makubwa ya kumi na mbili-ishirini. Mguu mrefu, bosi, hatua chache. Injini itapumzika na mafuta utayaona yanabaki. Bosi akakubali kwa shingo upande, matairi yakanunuliwa, na Fundi Kesho akayafunga hapohapo nyuma ya ukuta wanaouegemea. Sasa mafuta hayakubaki hata kibaba. Akisema ni matairi, yeye ndiye mjinga aliyeitia ofisi hasara. Akisema si matairi, basi ni mwizi. Usiku wa jana wote aligeuka upande huu ni mwizi, upande ule ni mjinga, mpaka mke wake akahamia kwenye kochi.

— Matairi nilikwambia, aliendelea Fundi Kesho. Na difu nilikwambia.

— Hukuniambia chochote cha difu.

— Nilikwambia kesho nitakuambia.

— Sasa si uniambie leo.

Fundi Kesho aliweka kikombe chini, ishara kwamba anaingia kazini.

— Difu ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Ile yako gurudumu la ndani lina meno arobaini na moja, kijana wake, lile dogo linalolizungusha, ana saba. Yaani ukiwa gia ya mwisho, injini inazunguka karibu mara sita ndipo tairi lizunguke mara moja. Ilipangwa hivyo kwa tairi dogo. Sisi tukaleta kubwa, difu tukaiacha ileile. Tambarare, sawa, mguu mrefu, injini inanong’ona, unakula kidogo. Ukifika mlimani je? Huo mguu mrefu ni mzito kuuinua. Injini inalalamika, unashuka gia, unakanyaga. Ulichoweka akiba bondeni unakila chote juu. Tambarare inakupa, mlima unakunyang’anya. Ndiyo maana lita ni zilezile.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame, alisema Mjomba, kwa sababu difu iko chini ya gari.

— Kweli, nilikuwa nashuka gia ile ya nne ambayo zamani sikuigusa, alisema Tela polepole. Lakini hayo ni ya lita, Fundi. Lita zimeeleweka. Kilomita?

Fundi Kesho alikichukua kikombe chake.

— Kilomita si kazi ya gereji.

Basi hapo ndipo walipopata nafasi waliyokuwa wakiingoja. Ramani alisogea mbele.

— Barabara imenyooshwa. Nimesikia wamekata kona tatu kule kabla ya daraja.

— Kona zenyewe hazifiki nusu kilomita zote tatu.

— Basi imesinyaa.

— Nini?

— Lami. Lami ni mafuta, au siyo? Mafuta yakipoa yanaganda, yakiganda yanajikusanya. Miezi hii mitatu ni ya baridi. Barabara ndefu kama ile ikijivuta kidogo hapa na kidogo pale, arobaini na mbili ni nyingi?

— Haba na haba, alisema Mjomba.

— Ingesinyaa, vile vibao vya kilomita vingesogeleana, alisema muuza kahawa, ambaye kwa kawaida hasemi ila “nani bado”.

— Si vimepandwa humohumo? Vinasogea nayo. Ndiyo maana Tela hakuona kitu.

Tela alitaka kucheka, lakini kicheko hakikuja. Alitazama simu. Saa nane na dakika ishirini na tano.

— Mimi nadhani ni urefu, alisema Mjomba. Lori limepanda juu, mkwe anakaa juu. Mtu wa juu huona mbali. Ukiona mbali unafika mapema, ukifika mapema njia ni ndogo.

— Mjomba, nimepanda juu kwa unene wa vidole viwili.

— Vidole viwili si haba. Mfupi na mrefu wakisimama sokoni, nani anayeona mchele kwanza?

— Sumaku, alisema Fundi Kesho, na wote walimgeukia kwa masikitiko, maana yeye walikuwa wakimtegemea. Alikuwa amekasirika kwa kukosa jibu, na fundi aliyekosa jibu ni hatari kuliko mtu wa kawaida. Akaendelea: Mzigo wake ni nini? Nondo. Tani thelathini za chuma nyuma ya kiti. Chuma kikisafiri mwendo mrefu kinapata sumaku. Sumaku inavuta namba za saa ya kilomita zirudi nyuma.

— Narudi mtupu, Fundi. Sina nondo. Na kurudi nako zinapungua arobaini na mbili.

— Sumaku inabaki kwenye bodi.

— Mnazunguka mbuyu, alisema Ramani. Dunia inazunguka. Akienda, dunia inamfuata, inamletea mji karibu.

— Na akirudi?

— Akirudi anateremka.

Muuza kahawa alimimina mzunguko wa pili. Mjomba alikohoa, kile kikohozi cha mtu mwenye neno la ukoo asilotaka kulisema mbele ya watu na atakayelisema hivyohivyo.

— Mkwe, mwanangu, mkeo, amenipigia simu asubuhi.

— Amesema nini?

— Hakusema. Ameniuliza. Eti kilomita arobaini na mbili kabla ya mwisho wa safari yako pana mji gani.

Tela alielewa polepole, kama kawaida yake. Kisha alielewa vizuri. Mke wake ameisoma karatasi. Mke wake amepiga hesabu yake, nayo imetoka nyumba ndogo. Mumewe hafiki mwisho, anasimama arobaini na mbili kabla, mzigo unamaliziwa na mtu mwingine, na mahali hapo pana mwanamke anayepikia kwa jiko la dizeli.

— Umemjibu nini?

— Nilimuuliza Ramani. Ramani akanitajia mji.

— Ulikuwa unauliza tu, alijitetea Ramani. Mimi nikiulizwa mji nataja mji.

Hakuna mtu aliyecheka. Kama mke wake angegomba, Tela angejua pa kuanzia. Lakini tangu juzi alikuwa akijibu neno moja. Chakula kipo? Sawa. Nimeitwa ofisini. Sawa. Mwanamke anayesema sawa mara tano kwa siku ameshafika mahali fulani peke yake, na Tela hakujua ni wapi wala atamrudishaje.

Na bado hilo halikuwa lililomkosesha usingizi kuliko yote. Kulikuwa na la tatu, ambalo hakumwambia mtu. Katikati ya daraja na mizani pana kipande cha barabara kilichonyooka, hakina mti wala duka. Safari iliyopita alifika kwenye mizani akashtuka kuona amefika. Hakukumbuka hata nusu ya kipande kile. Alijua kabisa kwamba dereva akisinzia saa ya kilomita haisinzii, inaendelea kuhesabu. Lakini hofu haina hesabu. Jana usiku ilimwambia kwamba kilomita zile arobaini na mbili zimepotelea kichwani mwake, na asubuhi ilikuwa bado inamwambia. Marehemu baba yake alianza vivyo hivyo. Alianza kwa kusahau kipande kidogo cha njia ya kwenda sokoni, watu wakamcheka, na mwaka uliofuata hakuijua nyumba yake.

— Labda ni mimi, alisema ghafla. Labda naanza kama baba.

Mjomba alimwekea mkono begani na kwa mara ya kwanza hakutia mkono kwenye gunia.

— Wewe una miaka arobaini na nne, alisema Fundi Kesho.

— Baba alikuwa na arobaini na nane.

Ramani, asiyeweza kuvumilia kimya, alijaribu kusaidia.

— Au ni mbio. Ukikimbia sana labda saa inakosa nafasi ya kuhesabu, inaruka namba.

— Sikimbii mimi. Themanini, mshale haupiti hapo. Unajua sheria ya pale ofisini, themanini na moja unakabidhi funguo. Yule mwenzangu wa lori jekundu alishushwa kwa themanini na nne, na ana watoto sita. Miaka kumi na tisa sijavuka themanini. Hilo hata bosi ananipa.

Alilisema kwa nguvu kidogo, kwani katika siku tatu zile ndilo jambo pekee alilokuwa na hakika nalo. Akanywa kahawa yake iliyopoa. Saa tisa kasorobo.

Hapo ndipo yule fundi cherehani alipotokea. Alikuwa amehamia Jumatatu katika chumba kilichopakana na gereji, mwanamke wa makamo, futi kamba shingoni, pini tatu zimechomekwa kifuani mwa gauni, na kikombe chake mwenyewe mkononi.

— Shikamoo, Mjomba. Habari zenu kaka zangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Naomba nusu kikombe. Na samahanini, ukuta ule ni mwembamba, nimewasikia tangu mwanzo. Nina swali, kama halitawaudhi.

— Uliza, alisema Ramani kwa ukarimu.

— Hiyo saa ya kilomita inaijuaje barabara?



— Inaijuaje vipi? aliuliza Ramani.

— Mimi nikipima kitambaa, futi inakigusa kitambaa. Hiyo saa iko ndani, mbele ya dereva, nyuma ya kioo. Barabara iko chini. Inaigusia wapi?

Ramani alifungua mdomo, akauona hauna kitu, akautia kahawa. Mjomba alitafuta methali ya saa, hakuipata. Tela mwenyewe, ambaye ameitazama saa ile miaka kumi na tisa kuliko alivyomtazama mke wake, aligundua kwamba hajui. Wote waligeuka kwa Fundi Kesho, na Fundi Kesho alikuwa akikitazama kidole chake cha shahada, akikizungusha taratibu hewani.

— Haigusi, alisema mwishowe. Inahesabu mizunguko. Nyuma ya giaboksi kuna kidude kinachosoma shafti imezunguka mara ngapi. Saa inajua difu ni ipi na tairi ni kubwa kiasi gani, inazidisha, inaandika kilomita.

— Inajua tairi lipi? aliuliza yule mama.

— Lile ililotoka nalo kiwandani. Dogo. Kumi…

Kidole kikabaki hewani.

— Hakuna aliyeiambia, alisema. Nilipaswa kuipeleka ikapangwe upya. Nilisema kesho.

Lori lilikuwa limeegeshwa ng’ambo ya barabara. Waliinuka wote kwa pamoja, na muuza kahawa akaliacha birika. Tairi la akiba lilikuwa limefungwa nyuma ya kichwa cha lori, jipya, ukubwa uleule wa mengine. Yule mama alilizungushia uzi mnene kama anayepima kiuno cha mteja mwenye afya, akauminya kwa kucha pale ulipokutana, akaulaza kwenye futi kamba yake mara mbili na kipande. Mita tatu na sentimita arobaini na mbili. Fundi Kesho alikwisha kuleta moja la zamani kutoka nyuma ya gereji, akilisukuma kwa goti. Uzi tena. Mita tatu na ishirini.

— Kwa hiyo kila tairi likizunguka mara moja, alisema yule mama, wewe umetembea tatu na arobaini na mbili, na saa imeandika tatu na ishirini. Inakupunja sentimita ishirini na mbili kila hatua.

Ramani alikuwa na simu tayari.

— Saa imeandika mia tano tisini na nane kwenda. Mara tatu nukta nne mbili, gawa kwa tatu nukta mbili… Mia sita thelathini na tisa. Na nukta.

— Inakosa moja kufika mia sita arobaini, alisema Mjomba kwa wasiwasi.

— Moja tuiachie vumbi, alisema Fundi Kesho.

Tela alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, suruali yake ya kwendea ofisini ikiwa kwenye mchanga. Barabara ilikuwa ileile. Aliitembea yote, kila kilomita, na zile arobaini na mbili alizipita kwa macho yake mwenyewe, akikumbuka asikumbuke. Hakuiba. Na kichwa chake kilikuwa bado chake. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Kisha, dakika nzima baada ya wengine kwisha kuulizana na kupongezana, alianza kucheka ile habari ya lami kusinyaa, peke yake, mpaka Ramani akakasirika.

Mjomba alikwisha kupiga simu.

— Mwanangu? Ile nyumba haipo. Nasema haipo. Ni tairi. Tairi, tairi la gari. Basi nitakuja kukueleza, mimi mwenyewe sijaelewa, lakini haipo.

Alisikiliza.

— Amesema nini? aliuliza Tela.

— Amesema sawa. Ila ya leo ilikuwa na pumzi.

Yule mama alikuwa akiuviringisha uzi wake kwenye vidole viwili, vizuri, asiupoteze. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Alitazama juu, kwenye dirisha la lori.

— Na ule mshale wa mwendo, alisema, nao unahesabu mizunguko hiyohiyo?

Aliuliza kama mtu anayeuliza kama kola nayo ipunguzwe. Fundi Kesho aliinama, akaanza kulikagua tairi kuukuu alilolijua tangu likiwa jipya. Muuza kahawa alikumbuka birika lake akavuka barabara. Ramani alikuwa na simu mkononi, hesabu ya mwisho bado iko kwenye kioo, ilibaki kubadili namba moja tu, na hakuibadili.

Tela aliifanya kichwani. Themanini. Mara tatu nukta nne mbili, gawa kwa tatu nukta mbili. Themanini na tano na nusu.

Safari sita, kwenda na kurudi. Na si kwenye tambarare tu. Hata pale penye shule, anapopita kwa hamsini na kujisifu, haikuwa hamsini. Akamwona yule mwendesha baiskeli wa mwezi uliopita, yule mzee aliyebeba mkaa, aliyeyumba mbele yake kwenye mteremko. Tela alikanyaga breki pale anapokanyaga siku zote, na lori halikusimama pale linaposimama siku zote. Lilimpita mzee kwa upana wa kiganja. Kutwa nzima aliwalaumu watu wa breki.

— Hujaulizwa mwendo, alisema Fundi Kesho bila kuinua uso. Karatasi inasema kilomita. Ueleze kilomita, uonyeshe uzi, urudi. Saa nitaipanga leo. Leo hii, si kesho.

— Yule wa lori jekundu ilikuwa themanini na nne, alisema Ramani kwa sauti ya chini.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema Mjomba, akimaanisha mkwe wake anyamaze ofisini.

Lakini kilomita na mwendo vilikuwa kitu kimoja. Mwenye akili ofisini akiufuata ule uzi mpaka mwisho wake atafika palepale alipofika fundi cherehani kwa nusu kikombe cha kahawa. Labda hapana mwenye akili pale. Labda wangefurahia kilomita zao wakaishia hapo, na yeye angebaki na funguo, na yule baba wa watoto sita angebaki nyumbani kwake. Tela aliinuka, akakung’uta mchanga. Hofu ilikuwa imerudi, ila sasa alilijua jina lake, na hilo lilimsaidia kidogo.

— Mama, naomba huo uzi, alisema.

Yule mama alimpa. Aliufunga mafundo mawili, moja kwenye tatu na ishirini, moja kwenye tatu na arobaini na mbili, asije akakosea mbele ya watu. Tela akautia mfuko wa shati pamoja na ile karatasi.

Simu yake ililia. Alikuwa karani wa ofisi, yule wa maneno yasiyoandikwa, na alizungumza kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye ubao.

— Bosi yuko na watu, anataka kujua kama uje au usisumbuke. Umepata la kusema?

Mjomba, Ramani na Fundi Kesho walikuwa wakimtazama mdomoni.

— Ninayo mawili, alisema Tela. La kwanza atalipenda.